Kuandika Chini ya Bati Tupu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeianza likizo yangu kwa kupigana na pampu mbovu. Stoo yetu ina kila pampu ya maji ambayo mume wangu amewahi kuambiwa haitengenezeki, na hataki kuzitupa, maana fundi akitupa pampu ni kama anakubali kushindwa. Nimezisukuma zote upande mmoja, nikaingiza meza ya binti yetu aliye chuoni, nikatimua buibui, nikachukua kiti kimoja sebuleni. Basi, ndiyo ofisi hiyo.

Mhariri aliniambia bila kupindisha: "Mwalimu, hicho kitabu nimekisubiri mpaka nimeota mvi. Mwisho wa Mei nastaafu. Anayekuja baada yangu hataki riwaya, anataka vitabu vya mazoezi. Ukiniletea kabla sijaondoka, nakipeleka kiwandani kwa mkono wangu. Usipoleta, basi tena." Mkuu wa shule amenipa muhula mzima bila malipo, shingo upande. Nina nusu kitabu na miaka minane ya visingizio. Safari hii nisipomaliza sitamaliza tena, nitazeeka kuwa yule mwalimu wa jiografia aliyekuwa anaandika kitabu.

Jumanne, 4 Machi

Sentensi tatu. Moja nimeifuta.

Jumatano, 5 Machi

Simu nimempa mume wangu, Fundi, aondoke nayo karakanani. Karakana yenyewe ni banda lililoegemea ukuta wa stoo, lakini angalau siioni. Kundi la walimu linaweza kugombana bila mimi.

Sasa adui amebaki mmoja, naye ni huyo huyo niliyempa simu. Leo amegonga mlango kuuliza chumvi iko wapi. Akagonga kuuliza kama nimeona spana yake kubwa. Akagonga kuniambia ameiona. Kila akigonga, sentensi iliyokuwa mdomoni inakufa.

Nasema mdomoni kwa sababu ndivyo ninavyofanya kazi. Siwezi kuandika kitu ambacho sijakisikia. Naisema sentensi kwa sauti, naisikiliza, ikinikera naisema upya, ikikaa sawa ndipo naiandika. Watu wananishauri nizibe masikio na pamba. Jamani, mimi naandika kwa masikio!

Jumatano, 12 Machi

Nimelipuka. Nilikuwa nimeipata sentensi ya kufungulia sura ya saba, naisikia kabisa inakuja, mara ngo ngo ngo. "Mwalimu, umeona bisibisi yangu?"

Nikafungua mlango. Nikamwambia, "Nikiwa humu, hata nyumba ikiungua usinigongee."

"Hata ikiungua?"

"Waite zimamoto!"

Akacheka. Mimi sikucheka. Akaona sicheki, akaondoka. Bisibisi ilikuwa mfukoni mwake nyuma, nimeiona alipogeuka. Sentensi sikuipata tena mpaka jioni, na iliporudi haikuwa ile.

Jumatano, 19 Machi

Mvua.

Nilikuwa nimesahau jambo moja kuhusu stoo hii: haina dari. Ni bati tupu juu ya kichwa changu. Mvua ilipoanza asubuhi nilidhani mtu anamwaga kokoto. Nikasema sentensi, sikuisikia. Nikaisema tena, nikaona midomo yangu inacheza tu kama samaki. Nikahamia sebuleni, bati ni lile lile. Nikaingia chumbani chini ya blanketi na kalamu, joto likanitoa.

Nimelia. Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia bila kuonekana mtoto. Nimelia kwa ajili ya mvua, mwanamke mzima.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Sifuri.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Sifuri. Nimepanga upya kabati la vyombo, na vilikuwa vimepangika.

Jumatatu, 24 Machi

Leo nilikata tamaa mpaka tamaa yenyewe ikageuka hasira. Mvua inapiga, nami nikasimama katikati ya pampu nikapaza sauti: "Nimechoka kuwa fenicha ya nyumba hii! Kitu kikipotea ndipo unakumbuka kwamba nipo!"

Hayo si maneno yangu, ni ya mwanamke wangu, yule wa kwenye kitabu. Na nilimsikia! Nilimsikia juu ya mvua yote ile! Miaka minane amekuwa akinong'ona kwenye karatasi kama mtu aliye hospitali, kumbe alikuwa anataka kupiga kelele. Nikaandika. Nikapiga kelele nyingine, nikaandika. Koo linawaka na sijali.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua, na nimepiga kelele toka asubuhi. Sura ya saba imekwisha na ya nane imeanza yenyewe. Sina sauti ya kuitikia salamu.

Jumatano, 2 Aprili

Ajabu ya mwaka: Fundi hagongi tena.

Chai naikuta mlangoni imefunikwa na kisahani. Chumvi anaitafuta mwenyewe. Spana sijui anazionaje, lakini anaziona. Hatimaye ameelewa kazi yangu ni nini. Nilikuwa nimemkadiria vibaya mume wangu, namwomba radhi humu kwa maandishi. Sijawahi kupata ukimya wa namna hii tangu niolewe.

Jumatano, 9 Aprili

Bomba la jikoni lililovuja miaka miwili limetengenezwa. Bawaba ya kabati imetengenezwa. Nguo zangu zimeanuliwa kabla ya mvua na kukunjwa, zimekunjwa vibaya lakini zimekunjwa. Nilipotoka kula nilimwona amekonda.

"Umepungua wewe," nikamwambia.

"Kazi," akasema.

Nilitaka kukaa naye kidogo, lakini nilikuwa na sentensi mdomoni, nikarudi.

Ijumaa, 11 Aprili

Jirani yetu mshonaji, yule tunayemwita Redio kwa sababu habari ikimfikia inarushwa mtaa mzima, amenishika mkono uani. "Jikaze dada," akaniambia. "Sisi wanawake tunajuana." Machozi yalikuwa yamemlengalenga.

Nikamshukuru. Nilifikiri anazungumzia kitabu. Nikajiambia, kumbe hata Redio anajua uandishi ni mateso.

Alhamisi, 17 Aprili

Sura ya kumi na moja. Mvua kubwa kuliko zote, na mimi nimesimama juu ya kiti ili nisikike. Mwanamke wangu ameamua. "Jumamosi alfajiri naondoka, na sirudi! Hata ukinifuata kituoni sirudi!" Niliirudia mara nyingi mpaka ikakaa sawa. Imebaki sura moja tu, ile ya mwisho, nami najua inavyokwenda.

Jumamosi, 19 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Sijanawa uso, mlango ukagongwa. Nje, chini ya mwavuli mmoja, wamesimama wifi yangu na baba mdogo wa mume wangu, wameloa upande mmoja mmoja. Wifi akanipita bila salamu, akatazama nyuma ya mlango, akatazama chini ya meza.

"Begi liko wapi?"

"Begi gani, wifi?"

"Usinifanye mjinga. Leo si Jumamosi?"

Baba mdogo akaketi, akavua kofia, akaiweka gotini. Ana sauti ya kutuliza ng'ombe. "Mwanangu, tumekuja mapema ili tuzungumze mambo hayajaharibika. Nyumba ina mengi. Lakini kumtukana mume kwa sauti mwezi mzima mpaka majirani wanashindwa kushona, hapana. Kama ana kosa, sisi tupo, tungemwita."

Bado sikuelewa. Nasema kweli, bado. Mpaka wifi akaanza kunitajia, kwa kuhesabu vidole: kwamba nimechoka kuwa fenicha, kwamba chai anayonipikia ni rushwa, kwamba hata akinifuata kituoni sirudi. Neno kwa neno! Redio anamshonea wifi nguo. Kila mvua ikinyesha, Redio anasogeza cherehani dirishani.

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika ukuta. "Ni kitabu! Jamani, ni kitabu! Yule si mimi!" Nikakimbia stoo nikaleta karatasi, nikawasomea ukurasa wa kituoni. Baba mdogo akasikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi, akasema, "Loo. Sasa huyo mume wa kwenye kitabu, wazee wake wako wapi? Mbona hawaitwi?" Wifi akakaa akajipepea kwa kitambaa. "Kha! Unalipwa kwa mambo haya?" Nami nikasema bado. Tukacheka sote watatu.

Fundi hakucheka.

Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni toka walipoingia. Alikuwa amevaa shati lake la kutokea, limepigwa pasi. Nikamuuliza, "Na wewe ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kituoni," akasema. "Nilitaka nikubebee begi."

Kicheko kikanikauka. Baba mdogo akavaa kofia, akamshika wifi kiwiko, wakatuaga haraka, mvua ikiwanyeshea.

Tulipobaki wawili alinieleza, na sikumkatiza. Karakana yake iko nyuma ya ukuta wa stoo. Amesikia kila kitu tangu siku ya kwanza, hata kabla ya Redio. "Nilidhani unafanya mazoezi," akasema. "Mazoezi ya kuniambia. Nikasema moyoni, kama bado ni mazoezi, basi bado kuna muda. Nikatengeneza bomba. Nikaacha kukuuliza spana."

"Kwa nini hukuniuliza mimi?"

"Ulisema hata nyumba ikiungua nisigonge."

Ewe Mola wangu. Ukimya ule wote. Zile wiki zangu nzuri kuliko zote, nilizokuwa najisifu kwazo humu humu, zilikuwa ni mtu anayengoja kuachwa, mbali nami kwa unene wa tofali moja. Nami nilimkuta amekonda nikarudi kwenye sentensi.

Nilimshika, nikamwapia kwamba yule ni mwanamke wa kutunga. Akakubali kwa kichwa. Kisha akauliza kwa upole, kama anavyouliza wateja pampu ilianza lini kugoma: "Kwenye kitabu, mume wake anatafuta spana?"

"Bisibisi," nikasema.

"Bisibisi," akasema. Akaenda kuvua shati.

Jumanne, 22 Aprili

Sifuri.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua, na mimi kimya kama maji mtungini. Nikifungua mdomo namsikia upande wa pili wa ukuta ameacha kugonga chuma. Anasikiliza. Au hasikilizi, ni mimi tu. Nimejaribu kunong'ona, mwanamke wangu hataki kunong'ona tena. Imebaki sura moja! Sura moja tu, na ninaijua!

Jumamosi, 3 Mei

Nilimwomba aniulize chumvi iko wapi. Nimefikia hapo. Akasema, "Najua ilipo."

Alhamisi, 8 Mei

Sifuri. Nimemchukia mhariri, nimemchukia Redio, nimejichukia mwenyewe, kwa mpangilio huo.

Jumatano, 14 Mei

Silali vizuri, nakula kwa kujilazimisha. Fundi amesema atakwenda kukaa kwa baba mdogo mpaka nimalize, ili nipate nafasi. Nilipiga kelele, "Usiende!" Redio akafunga dirisha lake. Nimebaki nikijiuliza kwa nini niliogopa vile. Kama yule ni wa kutunga tu, kwa nini niogope mume akibeba begi siku kadhaa?

Kwa sababu si yote niliyotunga. Haya, nimeandika. Ile fenicha ni mimi. Niliolewa na mtu mwema ambaye kwa miaka alinikumbuka kitu kikipotea, nikanyamaza, nikacheka, nikasema ndivyo wanaume walivyo, halafu nikampa mwanamke wa karatasi kazi ya kukasirika kwa niaba yangu. Nikimwondoa yule nyumbani kwake, mume wangu atajua kwamba hata mimi niliutazama mlango wa kutokea. Nisipomwondoa, kitabu kimekufa, na miaka yangu minane imekwenda nacho. Nimebanwa huku na huku, na Mei inakwisha.

Jumanne, 20 Mei

Nimemaliza! Nimemrudisha. Anafika kituoni, basi linawasha moto, anakumbuka chai iliyofunikwa kisahani, anashuka. Niliandika bila kusema hata sentensi moja kwa sauti, mbio mbio, kama mtu anayesahihisha mtihani bila kuusoma.

Jioni nikamsomea Fundi, zawadi yake. Nilisoma vizuri, kwa hisia. Nilipomaliza akaendelea kutazama mikono yake.

"Umefurahi?" nikauliza.

"Huyu ni nani?"

"Nani?"

"Huyu uliyemshusha kwenye basi. Yule niliyemsikia mwezi mzima simjui akishuka kwa ajili ya kikombe cha chai. Mimi ndiye nilikuwa namwogopa, Mwalimu. Ningejua kama ni mtu wa kurudi, ningelala usingizi."

"Nimekuandikia wewe!"

"Basi umenihurumia. Mimi sikuomba kuhurumiwa mbele za watu, kwenye kitabu." Akasimama. Sijawahi kumwona amekasirika kwa sauti ya chini vile. "Nimenyamaza wiki zote zile ukaandika. Nilinyamaza kwa hofu, sawa, lakini nilinyamaza. Usiniambie ilikuwa kwa ajili ya uongo."

Nimezichana kurasa zile. Nilikuwa na kitabu kilichokwisha kwa muda wa kula chakula cha jioni.

Ijumaa, 23 Mei

Sifuri. Wiki ijayo mhariri anaondoka.

Jumamosi, 24 Mei

Hakuna mvua. Imekatika kabisa, anga jeupe, mtaa mzima umetulia, hata cherehani haisikiki. Ukikohoa unasikika mpaka barabarani.

Fundi akaingia stoo bila kugonga. Akageuza pampu moja, akaketi juu yake, magoti yakigusa meza yangu. "Sema," akaniambia. "Nikiwa nyuma ya ukuta utakuwa unanifikiria. Nikiwa hapa utaniona, utaacha kunifikiria."

"Siwezi."

"Sema, Mwalimu."

Nikasema. Sauti yangu ya kawaida, ya kuombea chumvi mezani. Nilimpeleka mwanamke wangu kituoni, nikampandisha basi, nikamkalisha dirishani. Nikiisema sentensi namwangalia Fundi, inamwingia, naiandika. Palipokosea nilirudia, akangoja. Nilipofika pale mume alipokuja mbio na kusimama chini ya dirisha, Fundi alifumba macho, lakini hakuondoka. Tuliendelea hivyo mpaka jua likahama ukutani. Sentensi ya mwisho haikuwa ndefu: basi liliondoka naye akiwamo, na hakugeuka.

Nikaiandika. Nikaweka kalamu. Nilikuwa nalia na yeye analia, watu wazima wawili kati ya vyuma.

"Huyo ndiye," akasema. Kisha akauliza, "Na wewe?"

Nilitaka kumjibu haraka, jibu la kumtuliza. Nikalizuia. Nikangoja nisikie kwanza, kama ninavyongoja kila sentensi.

"Nipo," nikasema. "Leo nipo. Siwezi kukuapia zaidi ya hapo bila kudanganya."

"Sawa," akasema. "Nitakuuliza kesho."

Jumatano, 28 Mei

Nimempelekea mhariri. Amesoma kurasa za mwisho akiwa amesimama, miwani kwenye paji la uso, ofisi nzima ikiwa kwenye maboksi. "Huyu mwanamke ananitisha," akasema, akaiweka kazi yangu ndani ya mkoba wake mwenyewe. "Inakwenda kiwandani kesho." Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Miaka minane.

Nyumbani Fundi akauliza, hata viatu sijavua. Nikajibu nipo.

Alhamisi, 29 Mei

Ameuliza. Nimejibu.

Ijumaa, 30 Mei

Ameuliza akiwa na povu la dawa ya meno mdomoni. Nimejibu, tukacheka, akapaliwa.

Jumapili, 1 Juni

Ameuliza. Nilichukua muda kujibu, maana asubuhi tuligombana kuhusu pampu zake, atazitoa lini stoo. Alingoja. Nilipojibu ilikuwa kweli.

Jumanne, 3 Juni

Ameuliza. Nimejibu. Kisha, bila kupanga, nami nikamuuliza: "Na wewe?" Alishtuka. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. Akasema atafikiri.

Jumatano, 4 Juni

Leo hakuuliza, wala hakujibu.

Nilimngoja kwenye chai. Nikamngoja alipokuwa anafunga viatu. Nikamfuata mpaka mlangoni na kikombe mkononi, nikasema leo kuna jua, akasema ndiyo, kuna jua. Akaenda karakanani. Nimeingia stoo, nimekaa mezani, karatasi nyeupe mbele yangu, nyumba imetulia kuliko siku yoyote ya muhula huu. Upande wa pili wa ukuta hasikiki akigonga chuma. Sikio langu liko ukutani, na sijaandika chochote.